Ufugaji wa Kuku wa Nyama na wa Mayai Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Utafiti na Maarifa ya Pamoja

Majibu yafuatayo yamekusudiwa wafugaji wa kuku wa Kisauni, Nyali, Jomvu, Changamwe, Likoni na Mvita, pamoja na majirani zao wa Mtwapa, Mariakani, Waa na Tiwi wanaoleta kuku na mayai katika soko la Mombasa. Msimamo wetu ni mmoja na tunautaja mapema: sehemu kubwa ya hasara inayowapata wafugaji wa mwambao haitokani na uvivu wala ukosefu wa mtaji, bali inatokana na kila mtu kujifunza peke yake, kwa gharama yake, jambo ambalo jirani yake alikwisha kulijua au ambalo watafiti walikwisha kulithibitisha.

Kwa nini mfugaji wa Mombasa asifuate tu miongozo ya kawaida?

Miongozo mingi inayouzwa pamoja na vifaranga imeandikwa kwa kumfikiria mfugaji wa Kiambu au Nakuru, ambako usiku huwa na baridi na adui wa kifaranga ni ubaridi. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 za selsiasi, na hewa ya bahari imejaa unyevu. Kuku hana tezi za jasho, hivyo hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa tayari ina unyevu mwingi kuhema huko hakumsaidii sana. Kuku wa nyama aliyetimiza wiki nne hustarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24, kiwango ambacho mchana wa Mombasa haukifikii hata Julai, na ambacho hupatikana usiku tu, hasa miezi ya baridi.

Hii ndiyo sababu tunasisitiza kwamba maarifa ya kisayansi ni ya wote, lakini namna ya kuyatumia ni lazima ipimwe mahali kuku wanapoishi.

Banda lijengwe vipi ili kuku wastahimili joto?

Urefu wa banda uelekezwe kutoka mashariki hadi magharibi. Kwa kuwa Mombasa iko karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni litapiga ncha mbili fupi za banda badala ya ubavu wake wote. Kuna faida ya pili ambayo wajenzi wa bara hawana haja ya kuifikiria: pepo zetu kubwa ni kusi na kaskazi, na banda lililolala hivyo hupokea pepo hizo mbili ubavuni, kila moja kwa msimu wake. Kuta za ubavuni ziwe fupi, na sehemu ya juu iwekwe waya wa matundu madogo ili upepo upite bila kuwaruhusu ndege wa porini na paka kuingia.

Paa la makuti ni baridi kuliko la mabati, nalo ni jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji maabara kulijua. Ila makuti huhifadhi panya na hushika moto upesi, kwa hiyo anayeyatumia ayakague mara kwa mara na asiweke jiko chini yake. Mwenye mabati anaweza kuyapaka rangi nyeupe na kuinua paa juu zaidi. Idadi ya kuku nayo ipunguzwe: pale ambapo mfugaji wa nyanda za juu anaweka broila (kuku wa nyama) 12 katika mita moja ya mraba, sisi tunashauri 8 hadi 10, na kwa kuku wa mayai wanaolelewa sakafuni 5 au 6.

Saa za kulisha ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Chakula kinapomeng'enywa huzalisha joto mwilini, na joto hilo hupanda saa kadhaa baada ya kuku kula. Broila aliyejaza gole saa tano asubuhi atakuwa na joto la ndani lililokithiri wakati ule ule jua linapokuwa kali. Kwa hiyo chakula kitolewe alfajiri, kiondolewe kabla ya joto la mchana, kisha kirudishwe jioni na usiku taa ikiwa imewashwa. Maji yasiondolewe hata kidogo. Tangi liwe kivulini, na mabomba meusi yasipitishwe juu ya paa, kwa sababu kuku huyakataa maji ya moto wakati anapoyahitaji zaidi.

Mbona maganda ya mayai huwa membamba wakati wa joto ingawa chakula ni kile kile?

Kuku anapohema sana hupoteza hewa ya kaboni dioksaidi, na damu yake hubadilika kiasi kwamba kalsiamu na bikaboneti zinazohitajika kuunda ganda hazipatikani vizuri. Isitoshe, hula kidogo kuliko kawaida, hivyo kalsiamu inayoingia mwilini nayo hupungua. Chakula cha kuku wa mayai huhitaji kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Makombora ya chaza yaliyopondwa vipande vipande, ambayo mwambao wetu unayo kwa wingi, yakiwekwa jioni katika chombo cha pekee humpa kuku kalsiamu usiku, ambao ndio wakati ganda linapojengwa.

Kisima changu kina maji ya chumvi. Je, kuku wanaweza kuyanywa?

Inategemea kiasi cha chumvi, na jambo hili halipimwi kwa ulimi. Peleka maji maabara upimiwe jumla ya madini yaliyoyeyuka ndani yake. Chini ya miligramu 1,000 kwa lita hayana tatizo. Kati ya 1,000 na 3,000 kuku huishi, ila kinyesi chao huwa chepesi na maranda yaliyotandikwa sakafuni hulowana. Kuanzia 3,000 hayafai kwa kuku, na huleta vifo na udumavu. Maji yenye chumvi ya wastani yanaweza kuchanganywa na maji ya mvua au ya mfereji, na mtengenezaji wa chakula aombwe apunguze chumvi anayotia. Tumewaona wafugaji wakitibu kuhara kwa dawa wiki baada ya wiki, hali chanzo kilikuwa kisimani. Majirani wanaotumia maji ya eneo moja wanaweza kuchangiana gharama ya kipimo kimoja, kisha kila mmoja akapima chake akiona dalili.

Vifaranga wanahitaji joto la bruda (mahali pa kuwalelea penye chanzo cha joto) katika mji huu?

Ndiyo, lakini kwa kiasi. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wake, kisha punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Mchana wa Mombasa mara nyingi unakaribia kiwango hicho bila msaada wowote, hivyo jiko au taa huhitajika hasa usiku na wakati wa mvua za Mei. Watazame vifaranga wenyewe: wakisongamana chini ya chanzo cha joto wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kupanua mabawa wanaungua. Anayetumia jiko la mkaa aache njia ya hewa, kwani moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga na hata mtu anayewalinda.

Kideri kinazuilika kweli, au ni kubahatisha?

Kinazuilika. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi unaoweza kumaliza banda zima lisilochanjwa katika siku chache, na hauna tiba. Kinga yake kuu ni chanjo.

Historia ya chanjo inayotumika zaidi vijijini inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa maana inaonyesha thamani ya utafiti unaoshirikishwa. Chanjo za awali ziliharibika upesi zikikosa barafu, na mfugaji mwenye kuku kumi mbali na mji hakuweza kuzitumia. Huko Australia, Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake, wakigharimiwa na kituo cha serikali ya nchi hiyo kinachoshughulikia utafiti wa kilimo wa kimataifa, walichagua virusi hafifu vinavyostahimili joto, wakaviita I-2. Badala ya kuvifungia ndani ya hati miliki, mbegu ya virusi hivyo ilitolewa bila malipo kwa maabara za nchi zinazoendelea ili zitengeneze chanjo zenyewe. Hapa Kenya, taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, huitengeneza kwa jina la AVIVAX. Tone moja jichoni humkinga kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kustahimili joto hakumaanishi kwamba chanjo inaweza kuachwa juani. Ibebe kivulini, ikiwezekana kwa kitambaa kilicholowanishwa, na uitumie siku ile ile unapoichanganya. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mtu mmoja, na hapo ndipo ujirani unapoingia. Nyumba kumi za Mwakirunge au Mtongwe zikikubaliana siku moja ya chanjo, gharama kwa kila nyumba huwa ndogo, na muhimu zaidi, ugonjwa hukosa pa kujificha. Aliyechanja peke yake katikati ya majirani wasiochanja anaendelea kuzungukwa na virusi.

Nilichanja Gumboro na bado vifaranga walikufa. Kosa liko wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye maji au muda. Chanjo nyingi za Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshambulia kinga ya mwili wa vifaranga, hutolewa kwa maji ya kunywa, nazo ni virusi hai. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huviua virusi hivyo kabla havijafika kwa kifaranga. Changanya gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta katika kila lita ya maji, acha kidogo, ndipo utie chanjo. Fanya hivyo alfajiri, baada ya kuwanyima vifaranga maji kwa saa moja au mbili, ili wanywe yote upesi kabla jua halijachoma. Kuhusu siku, fuata ratiba ya mzalishaji wa vifaranga wako, kwa kuwa kinga waliyorithi kutoka kwa mama hutofautiana na huweza kuibatilisha chanjo iliyotolewa mapema mno. Usinunue chanjo kwenye duka ambalo jokofu lake huzimwa usiku.

Kuku wamekufa ghafla. Je, nijulishe watu au nitaharibu biashara yangu?

Julisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ufugaji kifo hicho hakimuumbui mmoja tu. Tunajua hofu iliyopo: mfugaji huogopa kwamba wanunuzi wa soko la Kongowea watamkimbia, hivyo huwauza haraka waliobaki. Kuku hao husafiri wakiwa tayari na virusi, wasiouzwa hurudishwa nyumbani, na trei za karatasi zilizozunguka sokoni hupelekwa banda jingine. Ndani ya wiki moja mtaa mzima huwa umeathirika, na bei huanguka kwa kila mtu.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa ya magonjwa yaliyotajwa kuwa ya lazima kuripotiwa. Taarifa hutolewa kwa afisa mifugo wa kaunti ndogo, kwa kuwa tangu Katiba ya mwaka 2010 huduma hizi ziko chini ya serikali za kaunti. Pamoja na hilo, tafuta jibu la chanzo cha vifo. Iko maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo Mariakani, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, ambayo ni mwendo mfupi kutoka mjini. Mpigie simu daktari wa mifugo kwanza akuelekeze, kisha mzoga uliokufa karibuni ufungwe katika mifuko miwili ya plastiki, uwekwe kwenye barafu bila kugandishwa, ufikishwe siku hiyo hiyo. Mizoga mingine ichomwe au izikwe kwa kina. Usiitupe ufuoni wala kwenye jaa.

Tuogope mafua ya ndege?

Tujihadhari. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulithibitishwa Uganda, na Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko kwa muda. Mwambao wetu ni kituo cha ndege wahamao, wanaotua kwa maelfu Mida na kwenye mlango wa mto Sabaki. Kuku wasichanganywe na bata wanaozurura kwenye madimbwi, na vifo vingi vya ghafla vya ndege wa porini viripotiwe.

Ni kweli kwamba broila hudungwa homoni ndipo akakua kwa wiki sita?

Si kweli, na ni vyema jambo hili lielezwe kwa uwazi kwa sababu wateja wengi wa mjini huliuliza. Homoni ya ukuaji ni protini, ikitiwa katika chakula humeng'enywa kama protini nyingine yoyote, na hakuna mfugaji anayeweza kumdunga kila kuku sindano kila siku akapata faida. Kasi hiyo imetokana na uteuzi wa vizazi kwa miongo mingi, lishe iliyopimwa na udhibiti wa magonjwa.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walichapisha matokeo ya jaribio ambamo waliwalea kwa chakula cha aina moja kuku wa ukoo uliohifadhiwa bila kubadilishwa tangu mwaka 1957, wengine tangu 1978, na wa tatu wa ukoo wa kibiashara wa mwaka 2005. Walipofikisha siku 56, wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Jibu hili lisingepatikana kama taasisi ya umma isingewatunza kuku wa zamani kwa miaka yote hiyo, bila faida ya sokoni, ili wengine walinganishe. Ukuaji huo una bei yake: kuku anayekua haraka huzalisha joto jingi mwilini na hufa kwanza wakati wa joto kali, jambo ambalo mfugaji wa Mombasa hana budi kulizingatia.

Je, niwape antibaiotiki kidogo kila wiki kama kinga?

Usiwape. Kutoa dawa hizo kwa kiasi kidogo kila mara huzalisha vijidudu sugu, na vijidudu hivyo huvuka kutoka kwa kuku hadi kwa mchinjaji, mpishi na mtoto. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya antibaiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006. Dawa itolewe baada ya uchunguzi, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zihesabiwe kabla ya kuchinja au kuuza mayai. Mayai ya siku hizo hayauzwi na hayapewi wafanyakazi. Hili ni suala la uaminifu kwa mlaji, na hatuoni nafasi ya kulijadili vinginevyo.

Chakula ni ghali. Kuna malighafi za hapa pwani zinazoweza kusaidia?

Zipo, na chakula ndicho kinachochukua kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya gharama. Mashudu ya nazi yana protini ya takriban asilimia 20, lakini yana nyuzinyuzi nyingi na upungufu wa laisini, mojawapo ya viungo vya protini, hivyo yatumike kwa kiasi kidogo na yasipewe vifaranga. Dagaa na mabaki ya samaki yana protini bora, ila yakizidi nyama na mayai hunuka samaki, na yakiwa hayakukaushwa vizuri huleta bakteria wa salmonela. Mabuu ya nzi askari mweusi, ambayo kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi kimeyafanyia kazi kubwa, yana protini ya karibu asilimia 40 yakikaushwa, na hufugwa kwa mabaki ya matunda na mboga, vitu ambavyo soko la Kongowea huvitupa kila siku. Tunadhani hapa ndipo vijana wa Mombasa wana nafasi ambayo bado haijatumiwa ipasavyo.

Mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha kuku. Sumukuvu huharibu ini, hupunguza utagaji na hudhoofisha kinga inayotokana na chanjo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini katika mahindi ni maikrogramu 10 kwa kilo, na ghala lenye unyevu wa kwetu hukuza ukungu upesi, hivyo magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na yasikae muda mrefu.

Kuweka rekodi kunanisaidia nini mimi mwenye kuku mia moja?

Kunakuonyesha kama unapata faida au unakula mtaji. Kuku wa mayai hula takriban gramu 115 kwa siku, kwa hiyo mia moja hula kilo 11.5. Wakitaga kwa asilimia 80 utapata mayai 80, na kila trei ya mayai 30 itakuwa imegharimu kilo 4.3 za chakula, yaani gunia la kilo 70 litatoa trei 16. Utagaji ukishuka hadi asilimia 60, trei moja itagharimu kilo 5.75, na gunia hilo hilo litatoa trei 12 tu. Linganisha bei ya gunia na bei ya trei za wiki hiyo, na utajua siku ya kuwauza kuku wazee bila kuulizana na mtu.

Faida kubwa zaidi hupatikana rekodi zinapowekwa mezani pamoja. Utagaji ukishuka katika banda langu peke yangu, huenda ni ugonjwa, chawa, au mfanyakazi anayesahau maji. Ukishuka wiki hiyo hiyo kwa watu sita wa Mishomoroni, Bamburi na Miritini ambao hawana uhusiano wowote ila kununua chakula cha kundi moja la uzalishaji, basi tunajua pa kutazama. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Walipolinganisha walichokula bata hao, wachunguzi waliona kwamba mashamba yaliyoathirika yalitumia unga wa karanga uliotoka Brazili, na kwa njia hiyo sumukuvu ikagunduliwa. Mfugaji mmoja mmoja, hata awe hodari vipi, asingeliona jambo hilo kwenye shamba lake.

Ili rekodi zilinganishwe ni lazima zihesabiwe kwa namna moja. Andikeni idadi ya kuku walio hai asubuhi, mayai, vifo, kilo za chakula, na namba ya kundi iliyo kwenye gunia la chakula au chupa ya dawa. Kwa mwambao tunaongeza joto la saa nane mchana.

Nikitoa takwimu zangu, washindani hawatanipiku?

Ni swali la haki. Hakuna anayekutaka utaje majina ya wateja wako wa hoteli wala bei mliyokubaliana. Vifo, utagaji na ulaji wa chakula vinaweza kutolewa bila jina, kwa namba tu, na kundi likatangaza wastani. Kinachompiku mfugaji wa Mombasa kwa kawaida ni trei zinazoshuka kutoka bara na Uganda zikiwa na gharama ndogo ya uzalishaji, na dhidi ya hizo jirani ni mshirika.

Nani hulipia utafiti katika nchi nyingine?

Australia, wazalishaji wa vifaranga hutozwa kisheria ada ndogo kwa kila kifaranga, na serikali huchangia fedha za utafiti juu yake. Marekani, chama cha wafugaji wa kuku na mayai kilichoanzishwa mwaka 1947 hutumia mapato ya maonyesho yake ya Atlanta kuvifadhili vyuo vikuu, kisha muhtasari wa matokeo hutolewa kwa wote. Mtindo upi utatufaa ni jambo la kujadiliwa, lakini kanuni inafanana: anayenufaika anachangia kidogo, na matokeo hayafichwi.

Kwa Kenya, niulize wapi?

Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ndilo mlango wa kwanza, na kituo chake cha Naivasha ndiko kuku wa kienyeji walioboreshwa walikoendelezwa. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari wa mifugo. Egerton, na hapa jirani Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, vina wanafunzi wanaotafuta mashamba ya kufanyia utafiti. Wakaribisheni, kwa sharti moja tu: warudi kuwaeleza walichokiona, kwa Kiswahili.

Je, kuku wetu wa kienyeji wana thamani yoyote ya kisayansi?

Wanayo kubwa. Kishingo, ambaye hana manyoya shingoni, na kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja, hubeba jeni ambazo watafiti wa nchi nyingi wamethibitisha kwamba husaidia mwili kutoa joto. Wengine huwaona kuwa na kasoro na kuwachinja kwanza. Tungependa wafugaji wa mwambao wawatunze majogoo wa namna hiyo, waandike uzito wa watoto wao, na wasiwapoteze kwa kuwachanganya ovyo na kuku wa kigeni.

Lazima niwe na jogoo ili kuku watage? Na mbona kiini ni cheupe?

Hapana, kuku hutaga bila jogoo, na katika joto letu yai lisilorutubishwa hudumu zaidi kwa sababu halianzi kukuza kiinitete. Weupe wa kiini unatokana na mahindi meupe. Majani mabichi au mahindi ya njano hurudisha rangi.

Kundi la majirani lianze vipi?

Waanze watano au sita wanaoaminiana, wenye kuku wa aina moja. Wakubaliane siku ya chanjo ya kideri, daftari lenye safu zinazofanana, na mtu mmoja wa kukusanya namba kila Jumapili. Mkutano wa kwanza ufanyike msikitini, kanisani au barazani, usifanyike ndani ya banda la mtu, kwa sababu viatu huhamisha magonjwa. Afisa mifugo wa kaunti ndogo aalikwe tangu mwanzo. Kabla ya Ramadhani, mahitaji ya kuku na mayai yanapopanda na kila mtu kutamani kujaza banda, wapange nani ataingiza vifaranga wiki ipi, ili wasivune wote siku moja na kumwachia dalali apange bei.